FAHAMU SWALI KABLA YA KUPIGA KURA YA MAONI

Kura ya maoni si uchaguzi wa viongozi. Katika uchaguzi mwananchi humchagua mtu. Katika kura ya maoni hulikubali jambo au hulikataa. Asiyelielewa swali aweza kulikataa alitakalo kwa mkono wake mwenyewe.

Mfano ni kura ya maoni iliyofanyika Zanzibar tarehe 31 Julai, 2010, kuhusu muundo mpya wa Serikali. Aliyejibu "Ndiyo" hakuchagua chama wala Rais. Alikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yenye Makamu wawili wa Rais badala ya Waziri Kiongozi. Aliyejibu "Hapana" aliukataa muundo huo. Waliokubali walikuwa asilimia 66.4, na waliokataa asilimia 33.6. Katiba ilirekebishwa mwezi wa Agosti, kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba.

Kabla ya kupiga kura ya aina hii, yafaa kila mwananchi ajiulize:

(a) Sheria iliyopo inasemaje?
(b) "Ndiyo" italeta mabadiliko gani?
(c) "Hapana" itabakisha nini?

Asiyejua kusoma na asomewe swali lenyewe, neno kwa neno, wala asitosheke na maelezo ya wapiga kampeni.