Mahali pa Neno katika Sentensi ya Kiingereza

Nataka kuwaelezeni jambo moja la sarufi ya Kiingereza, nalo ni mahali pa neno katika sentensi. Nililielewa baada ya kupata aibu.

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikwenda likizo nyumbani, Segese. Mjomba wangu alikuwa ameletewa karatasi na watu waliotaka kupitisha malori ya mawe ya dhahabu katika shamba lake la mahindi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akaniita mbele ya wazee akasema, "Haya mjomba, wewe ndiwe msomi wetu. Tusomee." Mlikuwa na sentensi hii: "The owner will be paid for the crops." Mimi nikaona "owner", nikaona "paid", nikaona "crops", nikaunga mwenyewe: "Mwenye shamba atalipia mazao." Mjomba akakasirika, akawafukuza wale watu. Siku ya tatu mwalimu mmoja mstaafu aliisoma, akatuambia, "Mwenye shamba atalipwa kwa ajili ya mazao yake." Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjomba, huko shuleni mnasoma nini?"

Basi shikeni mambo haya matatu.

Kwanza, angalieni mpango wa maneno. Kiswahili hubeba mengi ndani ya tendo. Tukisema "Kitabu hiki mwalimu amekisoma", hakuna atakayedhani kwamba kitabu ndicho kilichosoma, maana "a" ni ya mwalimu na "ki" ni ya kitabu. Kisukuma nacho hufanya vivyo hivyo. Tendo la Kiingereza halina viungo hivyo. Hapana budi maneno yakae foleni: mtenda, kisha tendo, kisha mtendwa. "The dog bit the boy" maana yake mbwa alimng'ata mvulana. "The boy bit the dog" maana yake mvulana alimng'ata mbwa. Maneno ni yale yale. Mahali tu ndipo pamebadilika. Zamani sana Kiingereza nacho kilikuwa na miisho ya maneno iliyoonyesha mtenda na mtendwa. Miisho ile ilipopotea, kazi yake ikachukuliwa na foleni.

Pili, mtenda atajwe, na atajwe mara moja. Sisi husema "Baba yangu alikwenda", na ile "a" humtaja baba tena. Kwa hiyo wengi wetu huandika "My father he went". Futa "he", andika "My father went". Kinyume chake, sisi husema "Inanyesha" na inatosha, kisha tukaandika "Is raining". Kiingereza chataka mtenda hata pale asipoonekana: "It is raining". Tena kumbukeni kwamba "a" yetu haichagui mume wala mke, lakini Kiingereza huchagua. Mama ni "she". Katika Kidato cha Kwanza niliandika insha nzima ya mama yangu kwa "he", na darasa zima likacheka.

Tatu, msiruke tendo "to be". Sisi twaweza kusema "Baba mgonjwa". Kiingereza husema "Father is sick". Neno hili dogo ndilo lililoniangusha mbele ya wazee. Kwetu, herufi "w" hutenganisha "atalipa" na "atalipwa". Kwao ni "will pay" na "will be paid". Ukiruka "be", umemgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Huenda mtu akauliza, haya yana faida gani kwa asiyetaka kuwa mwalimu wa Kiingereza? Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na wengi wetu tumetoka huko. Tukiingia Kidato cha Kwanza, Bayolojia na Jiografia huja kwa Kiingereza. Swali likiuliza "What is carried by red blood cells?", linataka kitu kinachobebwa, yaani oksijeni. Ukiruka "is" na "by", utamtafuta mbebaji, na utakosa jambo unalolijua vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu swali lolote, jiulize: Mtenda ni nani? Tendo ni lipi? Mtendwa ni nani? Piga mstari chini ya kila kimoja, ndipo uandike.

Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, sahihisheni sentensi hizi:

1. My sister he is cooking ugali.
2. Is very hot today.
3. The book the teacher has read.

Kisha elezeni tofauti ya "The miners gave water" na "The miners were given water". Atakayeshindwa na aje darasani kwetu wakati wa prepo, hatutamcheka.

Nanyi wazazi, mtoto akiwasomea karatasi ya Kiingereza upesi upesi, mwambieni arudie kabla hamjatia sahihi.

Mjomba alilipwa mahindi yake. Likizo iliyopita aliniita tena, akanipa karatasi nyingine. Niliisoma mara tatu kimya kimya, wazee wakingoja, ndipo nikafungua kinywa.