Mashini ya Kuangulia Mayai Ikipoteza Joto: Usikilaumu Kibao Upesi

Bwana mkulima, nawe mama mwenye kuku, ikiwa mna mashini ndogo ya stima ya kuangulia mayai, bila shaka mwaijua hofu hii. Mayai yamefika siku ya 12, zimebaki siku 9, nawe waamka asubuhi na kuona tarakimu za joto si zile ulizoziacha usiku. Mara moja mtu husema, "Kibao kimekufa," akapanda matatu kwenda mjini kununua kingine. Arudipo jioni akakifunga, huona taabu ni ile ile.

Mimi nimeyafanya hayo. Nililipia kibao kipya, kumbe feni ilikuwa imenaswa na manyoya.

Kibao ni kile kipande chenye vitufe na tarakimu zing'aazo. Kazi yake ni moja tu: kuwasha balbu au hita joto likishuka, na kuizima likitosha. Kwa mashini yenye feni, joto la kufaa mayai ya kuku ni digrii 37.5 hadi 37.8. Lakini kibao chenyewe hakina macho. Huambiwa joto na kichwa kidogo cha waya kilichomo ndani ya mashini, na kichwa hicho kikidanganyika, kibao nacho kitakosea bila kujua.

Kabla ya kushika chochote, tambua kama mashini imepoa au imezidi moto. Ikiwa imepoa, usifanye pupa. Kifaranga aliye ndani ya yai aweza kustahimili baridi ya saa chache. Huchelewa kutoka tu. Funga kifuniko, funika mashini kwa blanketi bila kuacha kitu kigusacho balbu, ukaanze kutafuta kosa. Lakini ikiwa joto limefika digrii 40 au zaidi, chomoa plagi sasa hivi na ufungue kifuniko, kwa maana joto la namna hiyo huua upesi. Maswali yatafuata baadaye.

Anza na vitu vya bei nafuu. Je, soketi ina stima? Jaribu taa nyingine hapo. Fyuzi ni nzima? Balbu haijaungua? Feni yazunguka? Feni ikisimama, upande mmoja wa mashini huwa moto na mwingine baridi, na tarakimu zitakuambia habari za upande mmoja tu.

Kisha kitazame kile kichwa cha waya. Chapasa kukaa usawa wa mayai, mbali na balbu. Kikining'inia karibu na balbu, kibao kitazima mapema na mayai yatabaki baridi. Kikichomoka kikaangukia nje, kibao kitaona baridi ya chumba na kuwasha balbu bila kukoma. Vibao vingine huandika LLL ikiwa waya wa kichwa umekatika au umelegea mahali unapochomekwa. Waya huo ni wa bei ndogo kuliko kibao.

Ili kujua kama tarakimu husema kweli, tia maji ya vuguvugu katika kikombe, utumbukize ncha ya kile kichwa (ikiwa ni cha chuma kisichoingia maji) pamoja na kipimajoto cha mgonjwa. Ngoja dakika tano. Vikitofautiana kwa nusu digrii au zaidi, si lazima ununue kitu. Vibao vingi vina nafasi ya kusahihisha. Katika kile kidogo cha volti 12 kiitwacho W1209, ambacho mafundi wengi hukitumia, ni P4.

Kibao hicho hicho kina mtego mwingine. Katika P0 kuna herufi mbili: H ni ya kupasha moto, C ni ya kupoza. Kikiachwa kwenye C hufanya kazi kinyume, yaani huwasha balbu joto likizidi. Mtu aliyefunga kibao kipya bila kutazama herufi hiyo aweza kuyapika mayai yake yote usiku mmoja.

Ukisikia tik-tik-tik ya haraka na tarakimu zikififia kila mara, ishuku adapta inayokilisha kibao, huenda imechoka.

Sasa tumefikia ubovu wa kibao chenyewe, nao ulio wa hatari zaidi ni huu. Ndani ya kibao mna swichi ndogo ya sumaku iitwayo rilei. Ikitumika sana, vyuma vyake huweza kugandana. Taa ndogo ya kibao itazimika kana kwamba kazi imekwisha, lakini balbu itaendelea kuwaka. Hakikisha hivi: joto likiwa limezidi kiasi, taa ya kibao imezimika, nawe waiona balbu ingali inawaka, basi rilei imeganda. Wengine hukigonga kibao kwa kidole, nayo ikaachia. Usitegemee hayo, itaganda tena ukiwa umelala. Hapo ndipo ununue kibao kipya, au umpelekee fundi wa redio abadilishe rilei peke yake.

Usiguse nyaya plagi ikiwa imechomekwa. Kibao ni cha volti 12, lakini waya wa balbu mara nyingi hubeba volti 240, na mahali penye bakuli la maji pana hatari ya kufa.

Mashini ikipona, ngoja siku tatu au nne, kisha uyatazame mayai gizani kwa tochi. Lenye mishipa myekundu na kivuli kinachocheza, lirudishe. Ambalo mishipa yake imetoweka na hakuna kinachocheza, liondoe kabla halijaoza na kupasukia mengine.