Kisu Kisigonge Nguzo: Kihisi cha Chuma kwa Mashine ya Palizi ya Mizabibu

Kisu cha palizi kinachopita chini ya mizabibu kina kazi ngumu kuliko plau. Huingia kati ya shina na shina, hung'oa magugu, kisha hurudi upande wa trekta kabla ya kufikia kizuizi kinachofuata. Kikichelewa kwenye shina, mzabibu unajeruhiwa. Kikichelewa kwenye nguzo ya chuma, kisu kinapinda, mhimili unatoka mstarini, na nguzo yenyewe inalegea pamoja na nyaya ilizozibeba.

Ufaransa jambo hili limekuwa zito tangu mwaka 2020, kiwango cha glifosati kinachoruhusiwa kwenye mizabibu kilipobanwa hadi gramu 450 kwa hekta kwa mwaka na mashine za palizi zikapata kazi zaidi. Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wengi bado wanapalilia kwa jembe la mkono. Lakini mwenye trekta dogo na mistari yenye nguzo za chuma atakutana na tatizo lile lile siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Pima uchelewaji kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatafuta kihisi kikali kuliko vyote, kumbe kinachovunja kisu ni muda unaopita kati ya ishara na kisu kurudi.

Simamisha trekta mahali tambarare na uvute breki. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazini, mtu mmoja abonyeze swichi ya kurudisha kisu na mwingine arekodi kwa simu, swichi na kisu vikionekana kwenye picha moja. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde. Hesabu picha tangu kidole kibonyeze hadi kisu kirudi chote, halafu gawa kwa 30. Ukipata picha 12, uchelewaji ni sekunde 0.4. Pima asubuhi mafuta ya haidroliki yakiwa baridi, kwa maana mafuta mazito hukawiza silinda, na tumia jibu lile baya zaidi.

Sasa zidisha kwa mwendo. Kilomita 4 kwa saa ni mita 1.1 kwa sekunde. Kwa sekunde 0.4 trekta limeshakwenda sentimita 44. Ongeza 15 za tahadhari, na kihisi kitakaa kama sentimita 60 mbele ya ncha ya kisu. Ukiendesha kilomita 6 kwa saa, sentimita 44 zinakuwa 67, na mpangilio ule ule ulioulinda mstari wa kwanza utavunja kisu kwenye wa pili. Andika mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa rangi, mbele ya macho ya dereva.

Hatua ya 2: Chagua kihisi kwa kujua kinavyofanya kazi

Ndani ya kihisi cha chuma mna koili inayotoa uga wa sumaku unaogeuka kwa kasi kubwa. Chuma kikikaribia, mikondo midogo ya umeme huzunguka kwenye uso wake na kunyonya nguvu ya uga huo. Sakiti huona upungufu na kutoa ishara. Vumbi na majani makavu havikisumbui. Ubaya wake ni kwamba hakioni mbali. Kile cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 30 huona kama milimita 15 tu. Ukikifunga kwenye fremu ukitegemea kione nguzo iliyo umbali wa mkono, umetupa pesa.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mkono wa kugusa: fimbo yenye bawaba na springi, ambayo ncha yake hutangulia kisu kwa umbali uliopimwa katika Hatua ya 1. Karibu na bawaba funga ulimi wa chuma cha kawaida, na kihisi kiuangalie ulimi huo. Nguzo ikisukuma fimbo, ulimi unaondoka mbele ya kihisi. Faida yake ni kubwa: fimbo huhisi pia shina la mzabibu, nguzo ya mti na nguzo ya zege, vitu ambavyo kihisi cha chuma peke yake hakiwezi kutegemewa kuviona.

Ulimi uwe na upana wa angalau milimita 45 kila upande, na nafasi kati yake na kihisi iwe milimita 8. Usitumie alumini, kwa sababu umbali wa kuhisi hushuka chini ya nusu. Chuma kisichoshika kutu nacho hupunguza umbali, ingawa si sana.

Hatua ya 3: Unga waya ili hitilafu irudishe kisu

Chagua kihisi cha nyaya tatu, aina ya PNP iliyo wazi kikiwa hakijaona chuma, cha volti 10 hadi 30. Waya wa kahawia huenda chanya kupitia fyuzi, wa bluu huenda hasi, mweusi ndio wa ishara. Ishara hiyo ni dhaifu, kwa kawaida miliampea 200, ilhali koili ya valvu ya haidroliki huvuta ampea kadhaa. Weka rilei katikati, na diodi sambamba na koili ya valvu, vinginevyo mshtuko wa umeme valvu inapozimwa utaharibu vifaa taratibu.

Panga hivi: fimbo ikiwa imetulia, kihisi kinaona ulimi, rilei inashika, valvu inapata umeme na kisu kinatoka. Ulimi ukiondoka, umeme unakatika na springi ya valvu inaelekeza mafuta ya kurudisha kisu. Hivyo waya ukikatika, fyuzi ikiungua au kihisi kikifa, kisu nacho kinarudi. Tafadhali usigeuze mpangilio huu kwa kutaka kurahisisha kazi.

Hatua ya 4: Kama hutaki kugusa nguzo

Magugu magumu husukuma fimbo na kurudisha kisu bila sababu, palizi ikaacha mafungu. Kaza springi kidogo kidogo kwanza. Isiposaidia, na kama nguzo zako zote ni za chuma na kifaa chako hakihitaji kukwepa mashina, tumia koili kubwa kama zile za vifaa vya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Koili ya sentimita 25 huona nguzo kwa umbali unaokaribia kipenyo chake.

Ifunge kwenye ubao au plastiki, mbali na chuma cha mashine, na iende chini ya waya wa kwanza unaobeba mizabibu. Waya huo utatoa ishara yake pia, lakini waya upo muda wote, nguzo huja na kuondoka. Chagua sakiti inayojibu mabadiliko ya ghafla na kupuuza kinachodumu.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kitu kisichoumiza

Zima injini na uweke vizuizi chini ya zana iliyoinuliwa kabla ya kuingiza mkono popote. Kisha simika bomba jepesi la chuma kwenye udongo laini, nje ya shamba, na upite kwa kilomita 2 kwa saa, halafu 3, halafu 4. Pima kila mara nafasi iliyobaki kati ya alama ya kisu na bomba. Ikipungua sentimita 10, sogeza kihisi mbele. Pita mara ishirini bila kugusa ndipo uingie mstarini.

Acha pia bolti ya kukatika kwenye mkono wa kisu, na weka za akiba kwenye sanduku la trekta. Kila asubuhi sukuma fimbo kwa mkono kisu kikiwa hewani, ukisimama mbali na njia yake, na usikilize valvu. Isipolia, usianze kazi.