Kulea Watoto wa Sungura

Faida ya mfugaji wa sungura hupatikana, au hupotea, katika majuma manane ya kwanza tangu watoto kuzaliwa. Wengi huwapoteza watoto hao si kwa uvivu, bali kwa haraka. Basi sikilizeni jinsi ya kuwalea.

Sungura jike huchukua mimba muda wa siku 31 hivi. Siku ya 28 mtilie bandani kisanduku chenye nyasi kavu laini, urefu wake futi moja na nusu, upana wake futi moja. Mwenyewe atang'oa manyoya ya tumbo lake ayatandike humo. Mpe maji safi wakati wote, wala mbwa wasimkaribie; maana mama mwenye kiu au hofu aweza kuwala watoto wake.

Watoto huzaliwa uchi, macho yamefumba, wala hawasikii. Kesho yake nawa mikono, uisugue kwa nyasi za banda, kisha fungua kiota taratibu, umwondoe aliyekufa. Ukimwona mama amekaa mbali nao mchana kutwa, usidhani kwamba amewatupa. Desturi yake ni kunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, tena kwa dakika chache. Mtoto aliyeshiba tumbo lake ni la mviringo, naye hutulia. Mwenye njaa ngozi yake ina makunyanzi. Lakini jueni neno hili: sungura si kama paka. Mtoto akianguka nje ya kiota, mama hambebi kumrudisha. Mpashe joto mikononi mwako, umrudishe wewe.

Siku ya 10 hata ya 12 macho hufumbuka. Katika juma la tatu watoto hutoka kiotani na kuanza kutafuna chakula cha mama yao. Tangu hapo wawe na nyasi kavu daima. Majani mabichi, kama ya viazi vitamu, yaanikeni kwanza kivulini mpaka yanyauke, mwape kidogo kidogo. Majani yenye umande au mvua hufurisha tumbo na kuleta kuharisha, na kuharisha humwua mtoto wa sungura upesi. Fagieni banda kila siku, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huo huenea kwa mavi.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alikuwa na watoto saba wazuri. Alitaka mama yao azae tena upesi, ili apate fedha za kununua vitabu. Watoto walipotimiza majuma manne tu, akawatoa kwa mama, akawahamisha katika banda jipya, akawatupia lundo la kabichi mbichi yenye umande. Kwa siku moja waliondolewa maziwa, nyumba yao, na chakula walichokizoea. Siku ya nne walikuwa wamebaki watatu. Alilia sana, lakini machozi hayamfufui mnyama.

Mara ya pili alifuata mafundisho. Alingoja mpaka watoto walipotimiza majuma saba. Ndipo akamwondoa mama, akawaacha watoto katika banda lile lile, pamoja na chakula kile kile. Mama naye akampunguzia majani siku chache ili maziwa yake yakauke. Watoto wale sita wakakua wote. Walipokaribia miezi mitatu aliwatenga madume na majike, wasipigane wala kuzaana mapema. Kisha akauza wanne, akanunua vitabu vyake.

Hii ndiyo maana ya kulikiza, yaani kuachisha ziwa: kuondoa jambo moja, na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Mwenye haraka ya kuvuna hupoteza hata mbegu.

MASWALI
1. Kwa nini mama hukaa mbali na kiota mchana?
2. Utamjuaje mtoto wa sungura aliyeshiba?
3. Majani mabichi hutayarishwaje kabla ya kupewa watoto?
4. Taja makosa matatu ya mwanafunzi yule, na jinsi alivyoyasahihisha mara ya pili.