Gari Dogo Pwani: Lala Chini Ulitazame

Wanaouliza ni wakazi wa Kilifi, Gongoni, Watamu, Malindi na Gede. Anayejibu ni fundi wa magari madogo.

Fundi, mimi ni mwalimu hapa Kilifi. Nina laki tano taslimu. Ninunue Vitz au Demio iliyopo, au niagize Japani?

Mwalimu, laki tano za leo haziagizi gari. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza; mwaka 2025 mwisho ulikuwa gari la 2018. Likishuka Mombasa linangojewa na ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 20 kwa injini isiyopita sisi (cc) 1500, kisha VAT asilimia 16, kila mmoja ukipandishwa juu ya mwenzake. Piga hesabu: kabla ya zile ada ndogondogo, umeshalipa kama asilimia 88 ya thamani ya forodha.

Kwa hiyo soko lako ni la magari yaliyokwisha kutembea humu nchini, namba za usajili zinazoanza na KB, au na KC za mwanzo ukibahatika. Usione haya. Ile miaka 8 ni ya kuingiza gari, si ya kuliendesha.

Kati ya Vitz na Demio ningechukua Vitz ya sisi 1000, kwa sababu spea zake unazipata hata Jumapili. Wa Nairobi huicheka injini hiyo, na wana haki: kule wako karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini inapungua nguvu. Sisi tuko usawa wa bahari. Injini ileile hapa inavuta vizuri zaidi.

Nina duka Gongoni. Nimeonyeshwa gari Mombasa, linang'aa, bei ya chini mno. Nitajuaje kama halijaliwa na chumvi?

Mama, wewe unakaa jirani na mashamba ya chumvi, unajua inavyokula mabati. Gari nalo ni bati. Chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki sawasawa hata kiangazi, na kutu hailali. Kinachong'aa ni rangi, na rangi hupigwa kwa siku moja.

Nenda asubuhi, uvae nguo ya kuchafuka, ulale chini. Tazama pale jeki inapokaa, kwenye ukingo ulio chini ya milango. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Fuata paipu za breki kutoka mbele hadi nyuma. Zikiwa na magamba, hiyo ni kazi ya kufanywa kabla gari halijatembea, kwa sababu paipu ikipasuka breki inakukimbia. Kagua ndani ya mikingo ya magurudumu, kisha fungua buti, toa tairi la akiba, uangalie sakafu. Ukikuta maji au mchanga, uliza.

Chukua pia sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa. Ipitishe kwenye milango. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti kuna habari usiyoambiwa.

Mimi hasa naogopa gari lililopakwa lami nyeusi mpya chini siku chache kabla ya kuuzwa. Dawa ile ni nzuri ikipakwa juu ya chuma safi. Ikipakwa juu ya kutu, inaifungia ndani iendelee kula kwa raha. Mwenye gari akikukataza kukwaruza kidogo, mwachie gari lake. Injini ya Vitz hubadilishwa na maisha yakaendelea. Bodi iliyooza haina dawa ya bei rahisi.

Mimi kila jioni naliosha gari langu Watamu kwa maji ya kisima. Inatosha?

Kijana, onja hayo maji kwanza. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvichumvi, kwa hiyo unalipaka gari chumvi kwa ndoo. Tumia maji ya mfereji, yale yanayoletwa kutoka Baricho, au ya mvua, na bomba lielekee chini ya gari kuliko juu ya paa. Mara moja kwa wiki inatosha. Kwenye radieta usitie maji ya kisima kabisa, tia kulanti.

Vitz yangu ikisimama na injini inawaka, inatetemeka. Imekufa?

Kama ni ya sisi 1000, kwa kawaida ina silinda tatu. Kutetemeka kidogo ni tabia yake. Ikizidi, anza na plagi na mpira wa kushikilia injini.

Na giaboksi?

Hapo ndipo pesa za watu zinapotea. Magari mengi ya aina hii yana giaboksi ya CVT, nayo inataka oili yake maalumu. Fundi akitia oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwa rafuni, mkanda wa ndani unaanza kuteleza, na bili yake utaikumbuka. Simama hapo, soma mkebe.

Malindi hadi Mombasa nitatumia mafuta kiasi gani?

Ni kilomita kama 120. Gari zima la sisi 1000, lisilopakia kama matatu, huenda kilomita 16 kwa lita barabarani, kwa hiyo lita saba na nusu. Zidisha kwa bei ya mafuta inayotangazwa na EPRA, ambayo hubadilika tarehe 15 ya kila mwezi. Matuta yatakurudisha nyuma kidogo, na eyakondisheni pia.

Muuzaji ananiambia nilipe nusu, karatasi tutafanya baadaye.

Baadaye hiyo haifiki. Kwanza lipia ukaguzi wa rekodi za gari kwa NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa kando yake. Namba ya chasisi kwenye chuma ilingane na logbuku. Kisha muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwa akaunti yake ya eCitizen, nawe uukubali kwa yako, na pesa zipite benki mkiwa mmekaa pamoja. Usitume hata ya "kushikilia gari" kabla hujaliona. Bima ya mtu wa tatu ni sheria. Ikate siku hiyohiyo, kabla hujaondoka na gari.

Fundi, mimi ni mzee wa Gede. Huenda Malindi kliniki mara moja kwa mwezi, na Ijumaa msikitini. Wajukuu wanasema ninunue gari.

Mzee wangu, shikamoo. Msikiti uko karibu na matatu za Malindi hazikauki. Gari linalokaa wiki nzima chini ya mkorosho linaua betri na linaota kutu kwenye breki, na bima unalipa vilevile. Siku ya kliniki kodi tuktuk akungoje hapo mlangoni. Hao wajukuu, wakitaka gari, wachange wao.