Mimba Usiyoitarajia: Sheria Inasemaje, Hatari Ziko Wapi, na Pa Kukimbilia

Makala hii ni ya dada aliyekaa kitandani na kipimo cha mkojo mkononi, mistari miwili imeshatokea, na hajui aanzie kwa nani. Ni ya mama yake pia, na ya rafiki anayelala naye chumba kimoja, na ya kijana aliyempa mimba hiyo. Sitahubiri. Wala sitaandika vidonge vingapi vinamezwa saa ngapi, kwa sababu hesabu hiyo inategemea umri wa mimba na afya ya mwenye mimba, na anayeweza kuipiga ni mtaalamu wa afya aliyekuona kwa macho yake. Nitaeleza kujitoa mimba ni kitu gani, sheria ya Tanzania Bara inasemaje, mwili unaweza kupatwa na nini, na mambo yakiharibika ukimbilie wapi.

Tuanze na kujua mimba ina muda gani, maana wengi hukosea hapo. Hesabu haianzi siku mliyokutana. Inaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kama hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi na leo ni tarehe 26 Aprili, mimba inahesabiwa kuwa na wiki nane, ingawa wewe unajua mlikutana katikati ya Machi. Kipimo cha mkojo kinauzwa famasi yoyote kwa bei ndogo, na ukipimia mkojo wa asubuhi ndipo kinasoma vizuri. Kikionyesha mimba, nenda kapige utrasaundi. Gharama yake hutofautiana kati ya kituo na kituo, kwa hiyo uliza kabla hujapanda kitandani. Picha hiyo itakuonyesha umri wa mimba, na itakuonyesha kama mimba imetunga ndani ya mfuko wa uzazi. Hili la pili nitalirudia, kwa kuwa linaua.

Kujitoa mimba ni mwanamke kukatisha mimba yake mwenyewe, bila mtaalamu wa afya kumsimamia. Mimba kuharibika ni jambo lingine: hutoka yenyewe, hutokea kwa wanawake wengi, na mara nyingi hakuna aliyekosea. Njia ambazo watu hutumia kujitoa mimba zipo za namna nyingi, na hatari zake hazilingani hata kidogo.

Zipo njia za vidonge. Misoprosto hufanya mfuko wa uzazi ujiminye na kusukuma nje vilivyomo. Mifepristoni huzuia homoni inayoishikilia mimba. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa hizi katika orodha ya dawa muhimu, na mwongozo wake wa mwaka 2022 unakubali kwamba mimba iliyo chini ya wiki 12 mwanamke anaweza kuitoa kwa vidonge bila kulazwa, kwa sharti kwamba ana maelezo sahihi, dawa ni halisi, na mtaalamu yupo wa kumkimbilia akimhitaji. Hapa kwetu masharti hayo matatu ndiyo hukosekana. Misoprosto hospitalini ipo, hutumika kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua na kutibu mimba iliyoharibika, lakini ni dawa ya cheti cha daktari. Anayeinunua kichochoroni huuziwa vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake, havina jina wala tarehe ya kuisha muda, na maelezo anayopewa ni ya kunong'onezwa.

Halafu zipo njia ambazo hakuna mtaalamu yeyote duniani anayezikubali. Watu hunywa jiki au sabuni ya unga, majivu, chai ya rangi iliyokolezwa kupita kiasi, mizizi isiyojulikana jina. Wengine humeza klorokwini kwa wingi. Wengine huingiza kijiti cha muhogo au waya ukeni, au kwenda kwa mtu mwenye chumba cha uani anayesema anajua kusafisha kizazi. Jiki huunguza koo na tumbo, na mimba ikabaki palepale. Klorokwini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na mtu anaweza kufa. Kijiti hutoboa mfuko wa uzazi, pengine na utumbo, kikaacha na vijidudu vya pepopunda. Binti anayeokolewa baada ya hapo mara nyingine huokolewa kwa kukatwa kizazi, naye bado hajazaa hata mtoto mmoja. Njia hizi ziogopwe kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja.

Sasa sheria. Zanzibar ina sheria yake, kwa hiyo vifungu hivi ni vya Bara. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vitatu vinavyofuatana. Cha 150 kinamhusu mtu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria: kifungo chake kinafika miaka 14. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe anayejitoa au anayekubali kutolewa: hadi miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi hiyo: hadi miaka 3. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kujitoa mimba nyumbani hakuna kesi, anakudanganya.

Je, hakuna mlango wowote? Upo, nao ni mwembamba. Kifungu cha 230 kinasema mtu hana kosa la jinai akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi, ili kuokoa maisha ya mama, kama hali ya mgonjwa ilistahili hatua hiyo. Kwa hiyo mama ambaye moyo wake umeshindwa kubeba mimba, au ambaye presha yake imepanda hadi anaanza kupata degedege, ana haki ya kuzungumza na daktari bingwa wa hospitali ya rufaa kuhusu kuikatisha mimba hiyo. Asiogope kuuliza. Uamuzi huo ni wa kitabibu na hufanyika hospitalini.

Na aliyebakwa? Hapa pana pengo ambalo mimi naona ni la aibu. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake. Ibara yake ya 14 inazitaka nchi ziruhusu mimba kutolewa kitabibu pale ilipotokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu, au inapohatarisha maisha au afya ya mama, ya mwili na ya akili. Lakini Kanuni ya Adhabu haijabadilishwa kufuata ahadi hiyo. Majirani zetu wamekwenda njia zao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26, inaruhusu pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Rwanda mwaka 2018 ilitaja ubakaji wazi katika sheria yake. Ukisoma mtandaoni kwamba jambo hili linaruhusiwa, angalia kwanza mwandishi anazungumzia nchi gani.

Kwa aliyebakwa, saa za mwanzo ndizo zinazofaa kupiganiwa. Nenda hospitali mara moja, ikiwezekana yenye kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukaa mahali pamoja. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa zifunge kwenye karatasi uende nazo. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile ambavyo wengi huviita P2, hufanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyowahi, na baada ya siku tano havifai tena. P2 haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Fomu ya PF3, ile ya polisi anayoijaza daktari, hutolewa polisi bila malipo, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kama umefika hospitali kwanza, tibiwa kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Tanzania ulikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa, karibu zote kwa siri. Wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini mwaka huo kwa madhara yake, na waliohitaji matibabu wakabaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliokwenda. Walibaki kwa sababu ya hofu na aibu. Wapo waliodhani hospitali haimpokei mtu wa namna hiyo. Inampokea. Huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma halali, ina miongozo ya Wizara ya Afya, na hutolewa kwa kila mwanamke anayevuja damu, iwe mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa. Matibabu ni yaleyale.

Utajuaje kwamba hali ni ya hatari? Mimba inapotoka, damu nzito kuliko ya hedhi na maumivu ya tumbo kwa saa kadhaa ni mambo ya kawaida. Dalili za kukimbiza mtu hospitali ni hizi. Pedi mbili kubwa zinalowa chapachapa ndani ya saa moja, na saa inayofuata ni hivyohivyo tena. Homa inayozidi siku moja, au baridi inayotetemesha. Uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya. Tumbo gumu kama ubao lisilotaka kuguswa. Kizunguzungu, kuzimia, moyo kwenda mbio, viganja na ulimi kupauka. Yoyote kati ya hizo inatosha. Usingoje ya pili, wala usingoje kukuche.

Kuna dalili moja ya kusimama nayo kidogo: maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, wakati mwingine yanapanda mpaka begani, pamoja na kizunguzungu, hata kama damu inayotoka nje ni kidogo. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, kwa kawaida kwenye mrija. Misoprosto haiwezi kuiondoa. Mtu anameza vidonge, anatokwa na damu kidogo, anadhani kazi imekwisha, kumbe mrija unaendelea kutanuka. Ukipasuka, damu humwagikia tumboni ambako hakuna anayeiona, na tiba yake ni upasuaji wa haraka. Waliowahi kupata mimba ya namna hiyo, wenye kitanzi kizazini na waliougua maambukizi ya mirija wawe waangalifu zaidi.

Kama uko mbali na hospitali, piga 115, bure. Ni namba ya mfumo wa m-mama, ambao hutuma gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyeandaliwa, na nauli hulipi wewe. Kwa ushauri wa afya namba ya Wizara ni 199, na mtoto au anayemtetea mtoto hupiga 116. Wakati gari linakuja, mlaze mgonjwa, inua miguu yake, mfunike, usimpe dawa za kienyeji.

Ukifika, muuguzi atapima presha na mapigo, atachukua damu kuangalia wingi wake na kundi lake, na atakuwekea dripu kama umeishiwa nguvu. Mabaki yakiwa yamekwama, yatatolewa kwa vidonge au kwa pampu ndogo ya mkono inayonyonya, baada ya kupewa dawa ya maumivu. Zamani kizazi kilikuwa kikikwanguliwa kwa chuma. Pampu ni salama zaidi. Kituo cha afya chenye mtaalamu aliyefunzwa kinaweza kuifanya kazi hiyo. Zahanati itakupa huduma ya kwanza na kukupa rufaa. Utaulizwa damu ilianza lini na umetumia nini. Kama ulikunywa kitu chenye sumu au uliingiza kitu ukeni, sema, kwa sababu jiki, mizizi na jeraha la kijiti kila kimoja kina tiba yake, na daktari asiyejua atatibu kwa kubahatisha. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi yake.

Na pesa? Sera ya afya inasema mjamzito halipii huduma katika vituo vya serikali, lakini usishangae ukiambiwa ununue glavu au dripu. Tembea na fedha kidogo kama ipo. Kama haipo, nenda hivyohivyo, kisha ndugu aliyekusindikiza amtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kushughulikia msamaha. Ukikutana na polisi, una haki ya kuwa na wakili. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria bure.

Kwa msichana wa shule anayeona dunia imemwisha, ajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Mzazi, mwambie mapema, kabla hajaanza kuulizia mtaani nani anauza nini.

Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, damu kidogo inaweza kuendelea hadi wiki mbili. Maliza dawa zote ulizopewa. Usiingize kitu ukeni mpaka damu ikatike. Yai linaweza kutoka tena baada ya siku nane tu, maana yake unaweza kushika mimba nyingine kabla hujaiona hedhi. Kwa hiyo kabla hujashuka kitandani, muulize muuguzi kuhusu sindano, vidonge, njiti au kitanzi. Katika vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure, na njia nyingi unaweza kuanza siku hiyohiyo.