Kandili za Betri kwa Siku za Sikukuu

Kandili ya karatasi yenye mshumaa ndani yake hupendeza sana usiku wa Krismasi, au tarehe 24 Oktoba tunapokumbuka Uhuru wa Zambia wa mwaka 1964. Lakini karatasi na moto si marafiki. Upepo wa Ziwa Mweru ukivuma jioni, kandili huyumba, karatasi ikashika moto, na juu yake pengine pana paa la nyasi. Yafaa basi tujifunze kutengeneza kandili isiyo na moto.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: matete au fito nyembamba za mwanzi, karatasi za rangi, uzi, waya mwembamba, betri tatu za tochi, diodi moja ya nuru nyeupe, na rezista moja. Diodi ni ile taa ndogo iliyomo katika tochi za siku hizi. Diodi na rezista zaweza kupatikana katika tochi au redio iliyoharibika. Gundi tutaipika wenyewe kwa unga wa muhogo na maji, mpaka iwe nzito kama uji.

Kwanza, tengeneza kiunzi. Kata matete kumi na mawili yenye urefu sawa, uyafunge kwa uzi yawe kama sanduku. Bandika karatasi pande nne, uache juu na chini wazi. Karatasi nyekundu itatoa nuru nyekundu, ya kijani nuru ya kijani.

Pili, panga betri. Kila betri mpya ina volti 1.5. Ukizipanga tatu kwa mstari, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, utapata volti 4.5. Zizungushie karatasi ngumu na kuzifunga kwa nguvu.

Tatu, unganisha. Kutoka kichwa cha betri, yaani upande wa chanya, waya uende kwenye rezista, kisha kwenye mguu mrefu wa diodi. Mguu mfupi urudi kwenye kitako, upande wa hasi. Ukigeuza miguu, diodi haitawaka.

Rezista ni ya nini? Diodi nyeupe yahitaji volti 3 hivi. Ukiipa zaidi bila kizuizi, mkondo utapita mwingi mno na kuiunguza. Tufanye hesabu: 4.5 kutoa 3 ni 1.5. Tukitaka mkondo wa amperi 0.01, tugawe 1.5 kwa 0.01, tupate omu 150. Rezista ya namna hiyo ina mistari ya kahawia, kijani na kahawia.

Sasa jambo la kufurahisha mfuko. Balbu ya zamani ya tochi hutumia amperi 0.3 hivi, yaani mara thelathini ya diodi yetu. Betri iliyochoka haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Volti zake huanguka mara inapodaiwa mwingi. Ikidaiwa kidogo, yaweza bado kufanya kazi. Kwa hiyo betri ambazo balbu imezikataa pengine zitawasha kandili yako usiku kucha. Lakini usichanganye kuukuu na mpya, wala usitumie betri iliyovuja maji.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Usiunganishe chanya na hasi kwa waya mtupu, kwani waya utapata moto. Usitumie zile betri ndogo za mviringo kama kifungo mahali penye watoto wadogo. Mtoto akimeza moja, yaweza kumchoma koo kwa ndani katika saa mbili tu. Apelekwe hospitali mara moja.

Betri zilizokufa kabisa zisitupwe motoni, zisipasuliwe, wala zisitupwe ziwani. Maji hayo tunayanywa, na humo mna chisense na samaki wengine tunaowala. Zitiwe katika kopo lenye mfuniko, mbali na chakula na watoto.

Wavuvi wetu huvuta chisense usiku kwa taa, nasi kwa taa ndogo twaweza kuvuta majirani waje tufurahi pamoja. Jaribuni kutengeneza moja kwanza. Ikiwaka vizuri, mfundisheni na mwenzenu, ili sikukuu ipite pasipo nyumba hata moja kuungua.